Netiboli Kwanza: Wasichana wa Upareni na Njia Ndefu ya Soka

Juni 24, 2017, wanawake kutoka nchi mbalimbali waliupanda Mlima Kilimanjaro wakiwa na mipira, magoli na waamuzi wao. Walichora kiwanja kwenye majivu ya kreta, mita 5,714 juu ya usawa wa bahari, wakacheza dakika 90 kamili huku pumzi zikigoma. Matokeo yalikuwa suluhu, 0–0, na mechi ikaingia kwenye rekodi za dunia kuwa ndiyo iliyochezwa juu kuliko zote. Waandaaji, kampeni iitwayo Equal Playing Field, walitaka dunia ione kwamba mwanamke ananyimwa nafasi ya kucheza, si kwamba hana uwezo.

Upare uko mkoa huohuo wa Kilimanjaro. Ukiondoka Moshi kwa barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, unapita Mwanga, kisha Same, takriban kilomita 100, na Milima ya Upare iko mkono wako wa kushoto. Kilele chake kirefu, Shengena, kina mita 2,462, chini ya nusu ya kile kiwanja cha majivu. Lakini huku nako kuna viwanja vya juu, na havikuhitaji rekodi. Tambarare ni adimu milimani, kwa hiyo kiwanja cha shule aghalabu kimechongwa ubavuni mwa mlima: upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili mteremko wa migomba na kahawa. Mpira ukivuka mstari wa chini, mechi husimama. Aliyeupiga ndiye anayeufuata, na wenzake hukaa chini kumngoja.

Kwa muda mrefu aliyeufuata alikuwa mvulana. Msichana alikuwa kwenye kiwanja kidogo cha pembeni, chenye nguzo mbili na pete mbili, akicheza netiboli.

Hilo si jambo la asili ya Wapare wala la jiografia ya milima, na inafaa kulifuatilia lilikotoka. Shule za Upareni ni za zamani. Walutheri wa Leipzig walifungua kazi Upare Kaskazini mwaka 1900. Waadventista wa Sabato wakafika Upare Kusini mwaka 1903, wakajenga kituo chao cha kwanza Mamba Giti, wakakiita Friedenstal. Reli ya Tanga ilipopita tambarare ya chini na kufika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Same ikawa na stesheni, kisha boma, kisha mji. Wapare wakaishika elimu kwa mikono miwili. Mpaka leo ni nadra kukaa mezani na Mpare ukamaliza chai kabla hajakutajia shule aliyosoma na waliomtangulia hapo.

Baada ya Wajerumani wakaja Waingereza, na Waingereza walikuja na mpira wao wakiwa wamekwisha kuugawa kwa jinsia. Wakati wa vita wanawake wa viwandani Uingereza walicheza soka hadharani, na walijaza viwanja. Timu ya Dick, Kerr Ladies kutoka Preston ilicheza Goodison Park, Liverpool, siku moja baada ya Krismasi ya 1920 mbele ya watazamaji wapatao 53,000. Mwaka uliofuata, Desemba 5, 1921, chama cha soka cha Uingereza, FA, kikazikataza klabu zake kuwapa wanawake viwanja, kwa hoja kwamba mchezo huo hauwafai. Zuio hilo lilikuja kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Angalia tarehe hizo vizuri: udhamini wa Uingereza juu ya Tanganyika ulithibitishwa mwaka 1922 na ukaisha kwa Uhuru wa 1961. Miaka yote ya udhamini huo, Mwingereza akiwa bwana shauri Same, kwao nyumbani mwanamke alikuwa amefungiwa geti la uwanja wa soka. Asingeweza kuwaletea mabinti wa Usangi, Upare Kaskazini, kitu alichowanyima dada zake.

Alicholeta ni netiboli: wachezaji saba, sketi, hakuna kugusana, hakuna kukimbia na mpira. Ulikuwa mchezo wa shule za wasichana wa Uingereza, na shule za misheni zikaupokea kama zilivyopokea sare na kengele. Ukastawi. Nchi nzima netiboli ikawa mchezo wa mwanamke msomi: mwalimu, muuguzi, karani wa benki, askari. Hadi leo mashindano ya watumishi, SHIMIWI ya wizara na SHIMMUTA ya mashirika ya umma, hayakamiliki bila netiboli, na kuna wanawake waliopata ajira kwa sababu tu ya kufunga vizuri.

Kuna wanaosema mila ya Kipare ndiyo iliyomzuia binti asikimbie mbele za watu. Hoja hiyo haina miguu. Katika mgogoro wa kodi ya mbiru, wanaume wa Upare walipokwenda Same mwaka 1945 na kupiga kambi kuipinga serikali ya mkoloni, mwaka uliofuata mamia ya wanawake wa Usangi walijitokeza wenyewe kumkabili bwana shauri na kumtaka amalize shauri la waume zao. Hawakuomba ruhusa. Na watoto wao wa kike walikuwa na rede, mchezo ambao mmoja anakwepa mpira unaorushwa na wawili kutoka pande mbili huku akijaza chupa mchanga. Aliyewahi kumwona msichana hodari wa rede akijipinda hewani hatauliza kama anaweza kupiga chenga.

Uhuru haukubadilisha mgawanyo huo mara moja. Kilichobadilika ni idadi. Azimio la Musoma la 1974 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote uliofuata viliwaingiza wasichana darasani kwa wingi, na mashindano ya shule yakawa ngazi rasmi ya vipaji: UMITASHUMTA kwa shule za msingi, UMISSETA kwa sekondari. Anayekulia Mamba, Chome au Mbaga anaijua ngazi hiyo kwa majina ya mahali. Kwanza shule kwa shule, halafu kata, halafu tarafa, halafu wilaya mjini Same, halafu mkoa mjini Moshi, na mwenye bahati anafika taifa, ambako Mwanza, Mtwara, Tabora na Iringa zimewahi kuwa wenyeji. Kambini wanafunzi hulala madarasani. Godoro linakunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, sanduku la bati linafuata, na mwalimu wa michezo anahesabu vichwa kabla gari halijaanza kushuka kona.

Ngazi hiyo ilikatika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Waziri wa Elimu, Joseph Mungai, alisimamisha mashindano ya michezo mashuleni kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo. Yalirudishwa baadaye, katika serikali ya awamu ya nne, lakini kizazi kizima cha wanafunzi kilikwisha kupita bila kuitwa kwenye timu ya wilaya. Mvulana hakuumia kama msichana, maana alikuwa na ndondo za mitaani na timu za vijiji. Msichana hakuwa na mahali pengine. Shule ilikuwa klabu yake, uwanja wake na kisingizio chake cha kutokuwa jikoni saa kumi jioni.

Ajabu ni kwamba wakati bara likiwa kwenye netiboli, Visiwani soka la wanawake lilikwisha kuchukua kombe. Mwaka 1986 Zanzibar iliandaa mashindano ya kwanza ya CECAFA ya wanawake, na Zanzibar yenyewe ikawa bingwa. Miaka miwili baadaye ikaundwa klabu ya Women Fighters, ambayo baadaye ilipata jina nje ya nchi kupitia filamu ya Zanzibar Soccer Queens ya 2007. Nasra Juma, aliyekuwa nguzo ya klabu hiyo, alikuja kukabidhiwa Twiga Stars, timu ya taifa. Na CECAFA? Baada ya 1986 mashindano yake ya wanawake yalilala usingizi wa miaka 30. Binti aliyezaliwa siku ya fainali ile alikuwa amekwisha kuzeeka kisoka yaliporudi.

Yaliporudi, mwaka 2016 mjini Jinja, Tanzania Bara ilipeleka timu iliyobeba jina la mlima: Kilimanjaro Queens. Fainali iliwakutanisha na Kenya. Mwanahamisi Omari, ambaye mashabiki humwita Gaucho, alifunga mabao yote mawili na Bara ikashinda 2–1. Walilitetea kombe Kigali mwaka 2018. Jina lilikuwa la Kilimanjaro, lakini ubingwa wa ligi ya wanawake haujapata kwenda kwenye klabu ya mkoa huo.

Ligi yenyewe ni changa. Kabla yake kulikuwa na timu za Dar es Salaam kama Mburahati Queens na Evergreen, zilizoishi kwa mapenzi ya watu wachache na nauli za kuchangishana. Timu ya taifa ndiyo iliyotangulia kung'aa. Mwaka 2010, chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa na nahodha Sophia Mwasikili, Twiga Stars waliitoa Eritrea, wakiifunga 8–1 nyumbani, wakafuzu fainali za Afrika nchini Afrika Kusini. Huko walifungwa mechi zote tatu: 2–1 na wenyeji, 3–2 na Mali, 3–0 na Nigeria. Si matokeo ya kuaibika kwa timu ya nchi isiyo na ligi. Mwasikili baadaye alikwenda kucheza Uturuki, akawa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba mguu wa mwanamke wa Kitanzania unaweza kumvusha mpaka.

Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na Mlandizi Queens ya Pwani ikawa bingwa wa kwanza. Tangu hapo kombe limekuwa la wawili. JKT Queens walilichukua 2018 na 2019, Simba Queens wakalichukua mara tatu mfululizo, JKT wakarudi 2023, Simba 2024, JKT tena 2025. Yanga Princess wamekuwa wakifuata nyuma. Huo ndio ukweli mkavu wa soka la wanawake Tanzania: lilisimama pale lilipopata mgongo wa taasisi kubwa, ama jeshi ama majina mawili ya Kariakoo, Simba na Yanga. Timu ya mtu mmoja mwenye moyo hufika ligi kuu, hucheza misimu miwili, hupotea.

JKT inastahili maelezo zaidi kidogo. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa Julai 1963 kwa ajili ya vijana, kilimo na uzalendo. Kufundisha straika hakukuwamo. Lakini kambi ina kila kitu ambacho msichana wa kijijini hukikosa akitaka kucheza: kitanda, chakula, daktari, uwanja na ratiba. Juu ya hayo kuna uwezekano wa ajira, kitu ambacho mzazi wa Same anakielewa kuliko mkataba wa usajili. Mwambie baba kwamba binti yake ataenda kucheza mpira Dar es Salaam, atakuuliza atakula nini. Mwambie anaenda jeshini, anauliza anaripoti lini.

Kwa nchi nyingine kazi hiyo hufanywa na vyuo. Marekani ilipitisha mwaka 1972 sheria iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Sheria yenyewe haikuandikwa kwa ajili ya mpira, lakini vyuo vililazimika kuwapa wanawake timu, makocha na ufadhili wa masomo, na soka likawa mojawapo ya michezo iliyonufaika zaidi. Mlango huo umewapokea hata Waafrika Mashariki. Sandra Nabweteme wa Uganda alicheza akiwa mwanafunzi wa Southwestern Oklahoma State University, kisha akasajiliwa Thor/KA ya Iceland. Na Uganda yenyewe imejenga ligi yake juu ya madarasa: Kawempe Muslim, Uganda Martyrs Lubaga na UCU Lady Cardinals zote zimetokana na shule au chuo kikuu. Mchezaji anasoma, anacheza ligi, anarudi bwenini.

Tanzania ina majina ya kutosha kwenye karatasi. Vyuo vya ualimu vina UMISAVUTA, vyuo vikuu vina TUSA, na kule Malya, Mwanza, kuna chuo kizima cha maendeleo ya michezo. Lakini michezo ya vyuo imebaki kuwa tamasha la wiki chache, watu wanakutana, wanagawana vikombe, wanarudi kwenye mitihani. Mchezaji wa ligi hajengwi kwa wiki mbili. Ndiyo maana anayetoka Same akiwa na miguu na alama nzuri za kidato cha nne hujikuta akichagua kimoja. Mkoa wa Kilimanjaro, uliojaza sekondari za wananchi kuliko sehemu nyingi za nchi, haukuunganisha shule hizo na klabu ya wanawake. Michango ya wazazi ilijenga madarasa, maabara, mabweni. Kiwanja cha pili hakikuwamo kwenye hesabu, na kusema kweli, ukiona gharama ya kuchonga mlima, huwezi kuwalaumu sana.

Sekondari ya Fountain Gate ya Dodoma imeonyesha njia nyingine. Aprili 2023 wasichana wake walikwenda Durban kwenye fainali za shule za Afrika zinazoandaliwa na CAF, wakawa mabingwa, na shule ikapata dola 300,000. Tayari ilikuwa na timu ya Fountain Gate Princess kwenye ligi kuu, chini ya paa hilohilo.

Upareni kuna jambo jingine ambalo mtu wa Dar es Salaam hatalifikiria: kalenda. Upare Kusini ni ngome ya Wasabato. Kuanzia jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi, katika vijiji vingi vya Mamba, Suji au Vunta hakuna shamba, hakuna duka, na hakuna mpira. Nchi nzima Jumamosi jioni ndiyo saa ya mechi. Kwa mvulana Msabato huo ni mtihani wa dhamiri. Kwa msichana ambaye kucheza kwenyewe kunatiliwa shaka nyumbani, ratiba ya Jumamosi inamaliza mjadala. Jumapili ni ya Walutheri na Wakatoliki, nao ibada zao hazikawii kufika saa saba. Mwalimu wa michezo anayetaka timu ya kata yenye wachezaji wote kumi na mmoja hujifunza kupanga mechi siku za kazi baada ya masomo, na mlimani jua huwahi kujificha.

Nje ya milima mambo yamekwenda mbio. Oktoba 2021 Twiga Stars, wakiwa wageni waalikwa, walichukua kombe la COSAFA Afrika Kusini kwa bao la Enekia Kasonga dhidi ya Malawi. Mwaka 2022 Serengeti Girls, wasichana wa chini ya miaka 17 wa kocha Bakari Shime, walikwenda Kombe la Dunia India. Japani iliwachapa 4–0 mechi ya kwanza, wengi tukafunga daftari. Siku chache baadaye wakaifunga Ufaransa 2–1, wakatoka sare ya 1–1 na Canada, wakaingia robo fainali, wakatolewa na Colombia. Wakati huo wanaume wa Tanzania walikuwa hawajawahi kufika fainali za Kombe la Dunia za umri wowote. Mwaka huohuo Simba Queens walimaliza wa nne kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika nchini Morocco, na Aisha Masaka akaondoka Yanga Princess kwenda BK Häcken ya Sweden, ambako baadaye alicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya kabla ya kusajiliwa Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Clara Luvanga alikwenda Al Nassr ya Saudi Arabia. Julietha Singano alitoka Simba kwenda Juárez ya Mexico.

Julai 2025 Twiga Stars walirudi fainali za Afrika, miaka 15 baada ya kizazi cha Mwasikili. Safari hii waliambulia pointi moja, sare ya 1–1 na Afrika Kusini, Opa Clement akifunga kwa penalti.

Na baada ya miguu kuchoka? Ester Chabruma ni mfano ulio karibu. Alichezea Twiga Stars, na mashabiki walimbandika jina la Lunyamila, la winga wa zamani wa Yanga, Edibily Lunyamila, kwa namna alivyokimbia pembeni. Alipotundika njumu akakaa benchi la ufundi. Mwaka 2023 alikuwa kocha wa JKT Queens walipotwaa ligi, wakaenda Njeru, Uganda, wakatwaa kombe la CECAFA la klabu, na Novemba wakawa Ivory Coast kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Ni kazi ambayo mwanamke aliyestaafu soka miaka ya 1990 asingepata kuiomba, kwa kuwa haikuwapo. Same, kwa sasa, kazi inayofanana nayo ni ya mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, ambaye mara nyingi ni mwanamke aliyelelewa na netiboli, na kila msimu wa UMITASHUMTA hukabidhiwa filimbi moja kwa timu mbili: ya netiboli na ya soka la wasichana.